Nusu ya Kwanza ya Neno Shule

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Najua neno hilo lina wenyewe, na baba yangu, ambaye bado anangoja zamu yake ya kustaafu, ameniomba nisilitumie mbele ya wageni. Lakini aliyelitumia kwanza ni Mama Nasimiyu, siku niliyorudisha funguo za studio. Aliniambia, "Haya, mstaafu, waandikie hao watoto wanaokuja kitu cha kuwasaidia. Usiondoke na akili yote." Watoto anaowasema ni wahitimu wawili watakaoanza kazi Jumatatu. Mmoja wao ananizidi umri. Nimelifikiria jambo hilo kwa siku mbili na sasa nimeamua kutolifikiria tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka mitatu niliandaa na kusoma kipindi cha Neno la Asubuhi katika kituo kidogo cha redio hapa Kitale, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kipindi kilikuwa cha dakika tano, kuanzia saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Nilichukua neno moja, aghalabu fupi, nikaeleza limetoka wapi, limepita kwa nani, na lilipokuwa likipita lilibeba maana gani. Basi. Watu huuliza kama kuna mtu anayehitaji jambo hilo kabla ya chai. Niliuliza swali hilo hilo kila alfajiri nikifunga viatu.

Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu kabla ya wakati, kwa sababu nilikuwa nimehesabu uwezekano wa daraja kuvunjika. Lango lilikuwa limefungwa. Mwenye jengo, Bwana Jaspal, ambaye familia yake imeuza misumari na mabati pale tangu kabla baba yangu hajazaliwa, alinikuta nimesimama na faili kifuani.

"Wewe ni wa misumari ama wa redio?" akauliza.

Nikafikiri. Sikutaka kuonekana nadharau misumari. "Wa redio," nikasema, "lakini naweza kungoja kama kuna mteja."

"Redio unafanya nini?"

"Nitakuwa naeleza maneno yanatoka wapi."

Akanitazama kwa huruma, akafungua kufuli. "Maneno si inatoka mdomo?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mitatu na bado sijapata kosa lake.

Mtakachokikuta studio ni hiki: kamusi tatu, moja haina jalada na inaishia herufi U, kompyuta ambayo intaneti yake huenda na kurudi kama ng'ombe wasio na mchungaji, vipokea sauti vya masikio, sikio la kushoto likiwa limekufa, na saa kubwa ukutani, ambayo ndiyo kifaa pekee kisichokosea. Msinywe chai ya maziwa kabla ya kwenda hewani, koo hugandamana. Kunyweni maji. Vueni bangili. Karatasi msizipige pini, zitandazeni mezani zote mkizisoma kwa kusogeza macho, maana ukigeuza ukurasa mbele ya maikrofoni, msikilizaji wa Saboti anadhani mvua imeanza na anakimbia kuanua mahindi. Si utani. Alipiga simu.

Sasa Mama Nasimiyu. Nyinyi mtamwita Mama, kama sisi sote, na hamtakalia kiti chake. Yeye husoma matangazo ya vifo saa moja kamili. Mgeni hawezi kuelewa uzito wa saa hiyo. Kuanzia Cheptais mpaka Bungoma mjini, saa moja ikifika, anayekamua ng'ombe huacha chuchu, anayepiga mswaki husimama na povu mdomoni. Mama husoma jina la marehemu, boma lake, wake zake, watoto wake, wakwe zake, shemeji aliye Nairobi, siku ya mazishi, na hakuna anayerukwa, kwa sababu shemeji akirukwa hukoma kuzungumza na ukoo mzima. Hakuna kipindi kinachoweza kusukuma matangazo hayo mbele hata kwa dakika moja. Waziri aliwahi kukatwa katikati ya sentensi.

Ni yeye aliyenifundisha kanuni ya mashahidi watatu. Kila tangazo huthibitishwa na watu watatu wasiokaa nyumba moja, na kanuni hiyo ilizaliwa na kosa. Miaka mingi kabla sijafika, kijana mmoja alileta tangazo la kifo cha mjomba wake, mzee aitwaye Barasa wa kule Lwakhakha. Mama akasoma. Alasiri ile mzee mwenye koti jeusi akapanda ngazi.

"Nikusaidie, Baba?" Mama akamuuliza.

"Mimi ndiye marehemu."

"Pole sana," Mama akasema, kwa mazoea.

Kumbe Barasa walikuwa wawili. Mzee akaeleza kwamba boma lake limejaa wakwe wenye sufuria na kuku, na kwamba amewaambia yuko hai lakini wamesema watangoja redio ithibitishe. Hapo ndipo desturi ya kituo chetu ilipoanza, na nyinyi mtaapishwa kwayo: ukikosea hewani, hutumi salamu za kuomba radhi. Unaenda mwenyewe mpaka kwa uliyemkosea, unasimama uani, na unasoma tangazo zima upya, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, mbele ya watu wake. Mama alikwenda Lwakhakha. Akasimama kati ya kuku akasoma kwamba Barasa, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani, shemeji wa fulani aliye Nairobi, yuko hai. Watu wakapiga makofi, wakala chakula walichokuja nacho, na mzee akaishi miaka mingine mingi akilalamika kwamba sifa zake zilisomwa haraka.

Nilichukua kanuni ile nikaitia kwenye maneno. Neno halikwenda hewani mpaka lugha tatu ziwe zimelitolea ushahidi. Meza ilikuwa kesi rahisi: Wareno wanasema mesa, Wahispania mesa, Walatini wa kale mensa, kesi imefungwa. Hata hivyo msikilizaji mmoja wa Cheptais, aliyepiga simu kila wiki, alishikilia kwamba meza ni neno la kwao na Wareno walilichukua walipowatembelea. Nikamuuliza walitembelea lini. Akajibu, "Wewe ndio umesoma. Tafuta."

Siku za Alhamisi, baada ya kipindi, nilishuka Bungoma, kwenye ofisi yetu ndogo ya kupokea matangazo, na usiku nililala kwa nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, nikirudi Kitale kwa gari la alfajiri. Yeye ndiye aliyekuwa mkosoaji wangu mkali. "Nakusikianga kwa ladio," aliniambia. "Unaongea kama mtu anaogopa mbwa."

Kesi yangu ngumu, na ya mwisho, ilikuwa neno shule.

Nililichagua kwa sababu kila mtu analo. Nilianza na Wajerumani, ambao ndio waliotupa neno hilo, kwa kuwa walitawala Tanganyika na kule wakaacha Schule yao, nasi tukaokota. Waingereza walikuwa na school, na watu wa Zanzibar wakachukua hiyo, wakasema skuli. Nikawa na mashahidi wawili tayari. Nilipopata wa tatu nilipaswa kunyamaza. Lakini nilitazama upande wa pili wa barabara, nikaona Waitaliano na scuola, Waswidi na skola, Wapolandi na szkoła, wote wakiimba wimbo mmoja kwa koo tofauti. Kisha wakaja Wahispania wenye escuela na Wareno wenye escola, watu ambao hawawezi kuanza neno kwa s na k bila kulishika mkono kwa irabu. Wawelisi, majirani wa Waingereza, nao wana ysgol. Wafaransa walianza kama Wahispania, wakaweka e mbele, halafu karne zikapita wakaiangusha ile s njiani, wakabaki na école, neno lililofika bila mzigo wake.

Niliyasema hayo kwa Kukhu tukichambua mboga. Nikamuuliza yeye husemaje.

"Esikuli," akasema.

Niliacha mboga. Kukhu, ambaye hajawahi kuvuka Mto Nzoia bila kulalamika, alikuwa ameweka e mbele kama Mhispania. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Basi hao Wahispania ni watu wazuri." Sikulala. Niliandika kurasa tano.

Huko nyuma kabisa, baba wa maneno hayo yote alikuwa Mlatini na schola yake, na babu alikuwa Mgiriki na skholē. Na Mgiriki wa kale aliposema skholē, mwanzoni hakuwa na maana ya darasa, kengele wala mwalimu. Alimaanisha mapumziko. Huo ulikuwa mwisho wa ukurasa wa nne. Ukurasa wa tano ulieleza ni mapumziko gani: ule muda ambao mtu ameachiliwa na kazi za mikono, na kwa kuwa ameachiliwa, anautumia kusikiliza, kuuliza na kujadiliana, mpaka hatimaye mahali pa kujadiliana pakaitwa kwa jina la ule muda.

Mama Nasimiyu alizipima karatasi zangu kwa mkono, kama mtu anayenunua nyama. "Hii ni refu."

"Ni dakika tano, Mama. Nimejipima."

"Ulijipima ukiwa na raha ama ukiwa na haraka?"

Nilikwenda hewani. Kufikia dakika ya tatu nilikuwa bado na Wafaransa. Mama, akiwa kwenye kiti chake na matangazo yake, akanyanyua vidole viwili: zimebaki dakika mbili. Niliviona. Nataka iandikwe hivyo, maana ndicho kiini cha maandishi haya. Niliviona, nikaitazama saa, nikajua ukurasa wa tano hautatosha, na nikaendelea kueleza jinsi s inavyoanguka, kwa sababu nilikuwa nafurahi. Mimi ni mtu anayeogopa kila kitu. Sifurahi mara nyingi, na ilipotokea sikujua namna ya kuizima.

"Na Wagiriki wa kale," nikasema, mshale wa sekunde ukipanda, "ambao ndio chanzo cha hawa wote, walipotamka neno hili, neno shule, walimaanisha mapumziko."

Muziki wa matangazo ukaingia. Mama akavuta maikrofoni. Ukurasa wa tano ukabaki mkononi. Nilijiambia nitaumalizia kesho yake, lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku isiyo na kipindi. Jumatatu nikajiambia hakuna mtu aliyegundua.

Alhamisi iliyofuata simu ililia Bungoma. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana ya bweni, upande wa Saboti, Bwana Simiyu.

"Wewe ndiye Madam Neno?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeharibu shule yangu."

Akaeleza. Alfajiri ya Jumanne kengele ya saa kumi na nusu ilipigwa, na wasichana arobaini wa kidato cha nne wakabaki wamekaa vitandani, wamevaa sare, mikono magotini, kimya. Kwenye mlango wa bwalo kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SHULE NI MAPUMZIKO. CHANZO: REDIO. Aliyeiandika, msichana aitwaye Chemutai, hakukana. Alikuwa amerudishwa kwao Cheptais, na kesho yake, Ijumaa, bodi ya shule ingekaa kuamua kama afukuzwe kabisa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki tano.

"Kwa hivyo utakuja hiyo Ijumaa," akasema, "na utakana. Useme hukusema."

"Lakini nilisema."

"Basi useme ulikosea."

"Sikukosea, Mwalimu. Nilikatika."

"Madam, mimi nina wasichana mia nne hapa. Sina nafasi ya kukatika."

Nilirudi Kitale jioni ile ile kumpelekea Mama Nasimiyu habari hiyo, nikidhani atanipa maneno ya kusema. Akaniuliza swali moja tu: kama nina viatu vya kutembelea kwenye matope. Nilijua maana yake. Ningekwenda Saboti, ningesimama uani, ningesoma neno zima.

Hapo sasa ndipo akili yangu ilipoanza kazi ambayo hakuna aliyeituma. Nilichora jedwali. Kama nisingesoma ukurasa wa tano, ningekuwa nimesimama uani na kusoma nusu ya neno mara ya pili, jambo ambalo hata marehemu wa Lwakhakha asingelisamehe. Kama ningeusoma, ungemmaliza msichana. Kwani ukurasa ule ulisema nini? Kwamba yale mapumziko yalikuwa ya kujifunza. Bwana Simiyu angesema: mmesikia wenyewe, hata Wagiriki wanataka mwamke mkasome. Msichana angepoteza mwaka kwa ushahidi wangu. Nikamwonyesha Mama jedwali.

"Kwa hivyo unataka kusoma jina la marehemu uache siku ya mazishi," akasema.

"Mama, nikisoma yote atafukuzwa."

"Labda. Na ukisoma nusu?"

"Labda atarudi."

"Arudi na nusu yako, na siku nyingine asikie nusu ya pili kwa mtu mwingine, akujue wewe ni nani." Akarudi kwenye majina yake, akiyafanyia mazoezi midomo ikitembea. Alikuwa na marehemu sita wa kesho yake, na mimi nilikuwa wa saba kwa umuhimu.

Ijumaa Bwana Jaspal alikuwa akipeleka saruji Saboti, akanibeba kwenye pikapu yake. Njia nzima niliisoma karatasi kwa sauti, na tulipofika akaniambia, "Punguza Poland." Sikupunguza. Ningepunguza nini?

Bodi ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Ndiwa, mkulima wa mahindi, kofia amelivisha goti. Kulikuwa na wajumbe wengine wawili, mmoja akiandika. Chemutai alikuwa amesimama karibu na kabati, na baba yake pembeni, sanduku la bati katikati yao. Nilikuwa nimemwazia msichana mrefu mwenye macho ya moto. Alikuwa mfupi, na alikuwa na mafua.

"Msichana wa redio," Mzee Ndiwa akasema, "ulisema ama hukusema?"

"Nilisema, Mzee, lakini sikumaliza. Kwetu kazini, mtu akikosea hewani husimama uani akasoma yote upya. Naomba nisimame uani."

"Huu ni mkutano," akasema Bwana Simiyu, "si mazishi."

"Muache asimame," Mzee akasema. "Mimi nimechoka kukaa."

Tukatoka. Wajumbe wakasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Madirisha ya madarasa yakajaa vichwa. Nikatandaza karatasi juu ya mfuniko wa pipa, nikaziwekea mawe, nikaanza na Wajerumani. Nilisoma taratibu. Kwa Waswidi mjumbe mmoja alipiga miayo. Nilipofika kwa Wafaransa, Mzee Ndiwa akainua mkono.

"Hiyo S walipeleka wapi?"

"Iliwaanguka, Mzee. Polepole."

"Na hawakurudi kuitafuta?"

"Hapana."

"Watu wa ajabu. Endelea."

Nikafika kwa Wagiriki. Nikasema mapumziko, na madirishani kukapita mnong'ono. Kisha nikasoma ukurasa wa tano: ule muda ambao mtu ameachiliwa na kazi za mikono, na kwa kuwa ameachiliwa, anautumia kusikiliza, kuuliza na kujadiliana. Nikamaliza. Sikumtazama Chemutai.

Bwana Simiyu alipiga makofi, peke yake. "Si mmesikia? Kusoma! Ni yale yale nimekuwa nikisema. Waamke wasome!"

Kila nilichokiogopa kwenye jedwali kilikuwa kimetokea kwa mpangilio ule ule, jambo ambalo halijawahi kutokea maishani mwangu.

"Ngoja," Mzee Ndiwa akasema. "Wewe, rudia hapo pa mikono."

"Muda ambao mtu ameachiliwa na kazi za mikono."

Akamgeukia msichana. "Chemutai, hiyo saa kumi na nusu, mnaamkanga kusoma nini?"

Chemutai akapenga kamasi. Akamtazama baba yake. "Mahindi, Mzee."

"Mahindi ni somo?"

"Tunapukuchua mahindi ya shule. Kwa stoo. Mpaka saa kumi na mbili. Kusoma hatujakataa, Mzee. Sisi tulitaka hiyo saa tusome."

"Ni chakula chao wenyewe!" Bwana Simiyu akasema. "Mashine iliharibika tangu Agosti. Mnataka wale nini, magunzi?" Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli, aliyebaki na magunia, mvua na vinywa mia nne. Siwezi kumfanya mbaya hapa. Nimejaribu, haandikiki.

"Kwa nini hukusema ni mahindi?" Mzee akamuuliza Chemutai. "Badala ya hii maneno ya Ugiriki?"

"Nilisema. Mara tatu. Nikaambiwa niko na mdomo." Akafikiri. "Nikaona labda ikitoka kwa redio mtasikia."

Wazee wale, ambao kila asubuhi huacha kila kitu saa moja kamili, wakatazama viatu vyao.

Lakini jambo halikuwa limekwisha. Mwalimu mkuu hawezi kushindwa na mwanafunzi mbele ya madirisha yaliyojaa. Shule isingeshikika tena mpaka Krismasi. Karatasi ilikuwa imebandikwa, kengele ilikuwa imekataliwa, na mjumbe mwenye kalamu alikuwa akingoja aandike kosa ni la nani. Mzee Ndiwa akazungusha kofia yake. Bwana Simiyu akasema lazima kuwe na mkosaji, kwa sababu ripoti ina nafasi ya mkosaji. Chemutai akafungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba atajitaja, kwa sababu ni mtu wa namna hiyo.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona saa. Nilionyeshwa vidole viwili, nikaviona, nikaendelea na Wafaransa. Hawa walifanyia kazi nusu ya neno kwa sababu niliwapa nusu. Andikeni kosa ni la redio."

Nilisema hivyo bila kufikiri. Nimehesabu, na ndiyo sentensi pekee ya miaka mitatu niliyoisema bila kufikiri.

Mzee Ndiwa alinitazama kwa furaha ya mtu aliyepata mahali pa kuweka gunia. "Andika hivyo," akamwambia mwenye kalamu. "Kosa ni la redio. Msichana arudi darasani leo. Karatasi aitoe mwenyewe. Na mimi nitaleta mashine yangu ya kupukuchua Jumatatu, Mwalimu, ukae nayo mpaka yako ipone." Bwana Simiyu akamshika mkono, kisha, baada ya kusita, akanishika na mimi. "Barua itakuja kituoni," akaniambia, karibu kwa upole. "Si unaelewa."

Nilielewa. Barua ilikuja, ina nakala nne. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na meneja akasema barua ile imemsaidia kuamua jambo alilokuwa hajaanza kulifikiria. Mama Nasimiyu aliisoma mara mbili, akasema imeandikwa vizuri, wametaja kila mtu. Ndiyo maana nyinyi mnakuja Jumatatu. Kwa hiyo nawaambia yale machache ninayoyajua: mkiona vidole viwili, nendeni moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Wafaransa wataishi. Na mkiwa na mashahidi watatu wanatosha, hata kama wa kumi ni nyanya yako na ndiye mtamu kuliko wote.

Kabla ya kuondoka Saboti nilimsaidia Chemutai kubeba sanduku hadi bwenini, kwa sababu baba yake aliitwa kunywa chai na bodi, na chai ya bodi haikataliwi. Lilikuwa zito, limejaa vitabu. Hata nyumbani hakuwa amevitoa. Tulibeba kila mtu upande wake. Katikati ya uwanja akasimama kupumzisha mkono.

"Madam, na mtihani? Hilo ni neno la wapi?"

"La Waarabu."

"Mwanzoni walimaanisha nini?"

Nikatazama madirisha, nikamtazama yeye na mafua yake, na wiki zake tano. Nilifikiria kumwambia nitatafuta kwanza. Nikaamua kusema lote.

"Kwao ni ndugu wa neno la taabu. Taabu anayopitishwa mtu mpaka aonekane ni nani."

Akatafakari, akafuta pua kwa kiganja, akashika tena upande wake wa sanduku.

"Hiyo," akasema, "ilifika kwetu nzima."